Tree au find, amri za terminali ya Linux, kwa kuhesabu mafaili?
Kwa steshenari na studio za picha za Kariakoo, zinakoletwa flashi zenye maelfu ya picha, tree inapendeza macho: sudo apt install tree, kisha tree -a. Jumla ya folda na mafaili iko mstari wa mwisho. Ila flashi ikijaa, skrini inafurika bure.

Hapo find . -type f | wc -l haina mpinzani, tena haisubiri kusakinishwa. Idadi ikizidi matarajio, chungulia folda iliyofichwa ya .Trash-1000, picha zilizofutwa kwenye Linux mara nyingi bado zimo humo. Ukihesabu folda kwa -type d, toa moja, maana nukta yenyewe, yaani folda uliyomo, imehesabiwa.

ls -l | wc -l? Achana nayo: inahesabu hata mstari wa "total", na mafaili yaliyofichwa inayaruka.