Begijnhof: Brugge au Leuven?

Mwenye siku moja tu Ubelgiji huuliza aende begijnhof ipi, ya mji wa Brugge au ya mji wa Leuven. Zote mbili zilianza karne ya 13 kama makao ya wabegini, wanawake wacha Mungu walioishi pamoja bila nadhiri za daima, wakijitafutia riziki kwa mikono yao, na aliyetaka kuolewa aliruhusiwa kuondoka. Zote zimo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1998.

Kwa nauli na muda, Leuven inashinda: kutoka Brussels ni kama nusu saa kwa treni, Brugge karibu saa nzima. Kuingia uani ni bure kote kuwili. Brugge ina pia nyumba ndogo ya makumbusho, ya kulipia, inayoonyesha maisha ya ndani ya wabegini. Leuven hutapata kitu kama hicho.

Kwa ibada, Brugge haina mpinzani. Masista Wabenedikto walihamia humo 1927, na nyumba nyeupe zimezunguka uwanja wa nyasi na miti mirefu. Tatizo ni watalii. Nenda asubuhi mapema, kabla mabasi hayajamwaga watu.

Leuven ni mtaa mzima wa matofali mekundu, vichochoro na mto Dijle ukipita katikati. Chuo kikuu kiliununua 1962 na kuukarabati, kwa hiyo wakazi wake leo ni wanafunzi na wahadhiri. Wapo wanaosema roho ya mahali imepotea. Mimi naona heri nyumba yenye watu ndani.

Ukiwa na watoto wa kukimbiakimbia, wapeleke Leuven. Brugge watanyamazishwa.