Soketi za nyumba mpya: zipi ununue, uweke ngapi, kabla plasta haijapigwa

Mnaojenga Sakina, Njiro, Usa River na huko Moshi, kabla fundi plasta hajaingia pigeni kwanza hesabu ya soketi. Mimi nilihamia nyumba ina soketi moja tu sebuleni, TV, king'amuzi, redio na ile hita ya chumba ya baridi la mwezi wa saba vyote vikawa kwenye eksitensheni moja, jioni moja mama watoto akasikia harufu, kuigeuza tunakuta plastiki imekuwa kahawia na imelainika kama mshumaa. Ikabidi kutindua ukuta ambao tayari una rangi, nikalipa fundi umeme, fundi plasta, na rangi tena.

Namba moja kwangu ni soketi dabo ya 13A yenye swichi. Boksi ni moja, paipu ni ile ile, waya ni ule ule, unapata matundu mawili, ila elewana na fundi mapema kwamba dabo anaihesabu pointi moja kwenye malipo. Sebuleni nne, jikoni nne juu ya kaunta, chumbani moja kila upande wa kitanda.

Namba mbili singo, kwa friji na mashine ya kufulia basi.

Namba tatu zenye tundu la USB. Ni nzuri pembeni ya kitanda lakini sehemu ya chaji ikifa unabadilisha soketi nzima, kwa hiyo usijaze nyumba.

Za mwisho ni zile zinazopokea plagi za kila aina. Nyingi hazibani plagi vizuri, na plagi ikilegea inachemka, mimi siweki hata bure.

Dukani nenda na plagi yako, ichomeke uitikise, ikicheza rudisha. Angalia nembo ya TBS, shirika la viwango. Waya wa soketi ni 2.5mm, ule wa 1.5 ni wa taa, na kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu imepakwa kopa juu. Eathi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini, usikubali irukwe hata fundi akikwambia haina kazi.

Hita ya kuogea usiichomeke kwenye soketi kabisa jamani. 13A kwa 230V ni kama wati 3,000 tu, na hita nyingi za papo kwa papo zinapita hapo, inataka waya wake mnene na breka yake, swichi ikae nje ya bafu.

Hela ikikata, usipunguze pointi. Laza paipu na maboksi yote sasa hivi, funika kwa kava tupu, soketi zenyewe utanunua mbili mbili kila mwezi ukishahamia.