TAHADHARI: Diski za kompyuta zilizochakaa zinauzwa kama mpya Kigoma mjini

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, pamoja na nyinyi mnaoteremka kutoka Kasulu na Uvinza kuja mjini kununua vifaa vya kompyuta, eneo la Mwanga kuna muuzaji wa hadi diski (hard disk, kifaa kinachohifadhi mafaili ndani ya kompyuta) anayeuza zilizokwisha kutumika akizinadi kuwa mpya. Mimi ni fundi, na diski hizo huishia mezani kwangu pale zinapogoma. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa ubao wa duka unaweza kubadilishwa kesho na biashara ikaendelea vilevile. Nitaeleza namna anavyofanya, ili hata akihamia mtaa mwingine mumtambue.

Mambo huanza mteja anapopeleka kompyuta isiyowaka vizuri, yaani inayotoa ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia, au inayozunguka kwenye matengenezo ya Windows bila kufika mwisho. Muuzaji huyo hapimi chochote. Huitazama skrini, hutikisa kichwa, kisha hutamka kwamba hadi diski imekufa. Huenda ni kweli, lakini ujumbe huo huo hutokea waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, unapolegea, fleshi inapoachwa imechomekwa, au betri ndogo ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), ile CR2032 ya volti 3, inapokwisha nguvu na kompyuta kusahau mpangilio wake. Kwenye baadhi ya mashine, betri hiyo ikiisha, hali ya SATA, yaani namna kompyuta inavyowasiliana na diski, hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani na Windows hushindwa kuanza ingawa diski ni nzima kabisa. Dalili rahisi ni saa na tarehe: ukikuta kompyuta imerudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri hiyo na urekebishe mpangilio kwanza, kabla ya kumruhusu mtu yeyote akuuzie diski.

Diski anayokuuzia huwa ndani ya nailoni safi, na anapoulizwa hufungua programu ya kupima na kukuonyesha kwamba haijafanya kazi hata saa moja. Hapo ndipo wengi huridhika. Kila hadi diski huweka kumbukumbu ya maisha yake katika mfumo uitwao SMART, ikiwemo idadi ya saa ilizowashwa, na kumbukumbu hiyo inaweza kufutwa na mwenye vifaa na ujuzi, sawasawa na dalali anayerudisha nyuma kilomita za pikipiki kabla ya kuiuza. Diski iliyotoka kwenye mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, ambayo haizimwi usiku wala mchana, hutimiza saa 8,760 kwa mwaka mmoja tu. Ikikaa huko miaka 4 imekwisha kupita saa 35,000, na bado ikaja kuonyesha sifuri. Wala tusidhani kwamba ni ujanja wa huku kwetu peke yake, kwa maana mwanzoni mwa mwaka 2025 wanunuzi nchini Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya zikiwa na maelfu ya saa za kazi. Waligundua kwa sababu diski nyingi za kampuni hiyo huweka kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, ambayo wafutaji walikuwa wameiacha. Programu ya smartmontools kuanzia toleo la 7.4 huisoma kumbukumbu hiyo kwa amri ya smartctl -l farm, na mtu anayedai kuuza diski mpya ya Seagate asikatae kipimo hicho kifanyike mbele yako.

Kwa diski za kampuni nyingine itabidi kutumia macho na subira. Toa diski kwenye nailoni uangalie pini za kuchomekea waya: kifaa kipya hakina mikwaruzo pale, wala matundu ya skrubu hayana alama za bisibisi. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye stika, kisha ingiza namba ya utambulisho kwenye tovuti ya Seagate, Western Digital au Toshiba kupitia simu yako. Ukiambiwa kwamba waranti ilikwisha miaka kadhaa iliyopita, unayoishika si mpya. Ukifungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima diski, tazama mistari ya 05, C5 na C6, yaani sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizohamishwa kwa ubovu, zinazosubiri kuhamishwa na zilizoshindikana kusomeka. (Programu hiyo huandika thamani hizo kwa heksadesimali, namna ya kuandika namba inayochanganya tarakimu na herufi A hadi F, kwa hiyo mnaosoma kwa mara ya kwanza msishtushwe na herufi katikati ya tarakimu.) Sifuri katika mistari hiyo haitoshi, kwa kuwa nayo hufutwa, lakini madhara yaliyo kwenye sahani za ndani hayafutiki. Kipimo cha kusoma diski nzima, sekta kwa sekta, mara nyingi huyaibua. Kwa diski ya terabaiti 1 kipimo hicho huchukua karibu saa 3 au zaidi, na ndiyo maana muuzaji huyu hukataa kukifanya akisema umeme utakatika.

Kwa upande mmoja msimwonee. Terabaiti 1 kuonekana kama gigabaiti 931 ndani ya Windows ni tofauti ya namna ya kuhesabu, wala hakuna aliyekuibia.

Jambo linalonikera kuliko yote ni diski ya zamani. Baada ya kukubadilishia, husema ile ya kwanza haina kazi, aachiwe akaitupe. Haitupwi. Nimeletewa diski iliyonunuliwa dukani kwake kama mpya, ikagoma, na nilipojaribu kumwokolea mwenyewe mafaili yake, zikaibuka picha za harusi na nakala za vitambulisho vya familia nyingine kabisa. Nilisimamisha kazi hapo hapo na kumweleza aliyeileta. Kufuta kwa haraka, anakofanya yeye, huondoa orodha ya mafaili tu na kuyaacha mafaili yenyewe, hivyo diski yako iliyokuwa nzima huenda sasa iko Buhigwe ndani ya kompyuta ya mtu usiyemjua. Daini diski yenu kabla hamjalipa, hata kama imekufa kweli.

Na ikiwa kweli inakufa, yaani inatoa mlio wa kugongagonga au inaganda kila unapofungua folda, msimruhusu apige Windows upya, ingawa hilo ndilo huwa pendekezo lake la kwanza. Kuandika juu ya diski inayokufa, au kuiendeshea chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, tena na tena, hummaliza mgonjwa na mafaili yake. Zimeni kompyuta, na diski ihamishiwe kwenye mashine nyingine ili yaliyomo yanakiliwe kwanza kwa programu kama ddrescue, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka na kuziacha mbovu hadi mwisho.

Mliokwisha kununua kwake, nakilini mafaili yenu leo mahali pengine, kisha fanyeni kipimo cha diski nzima na kupiga picha matokeo pamoja na stika. Rudini dukani na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, mkiwa na shahidi. Akikataa, pelekeni malalamiko kwa afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, au mwandikieni Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Wenye risiti isiyotaja namba ya utambulisho ya diski watapata shida kuthibitisha kwamba ndiyo waliyouziwa, kwa hiyo wanaokwenda kununua sasa, popote pale, wahakikishe namba hiyo imeandikwa, pamoja na neno "mpya", na sahihi ya muuzaji chini yake.