Kofia ya viua: umalize utawakali, au ufumue mpaka iwe sawa?

Jamani wa Wete kule Pemba na kwengineko mnaoshona kofia za viua (zile za vitobo vidogo vidogo) kwa mkono hili mnalijua. Ukifika kwenye duara la juu, kitobo kikipinda njia ni mbili tu na mi zote nshazipita.

Kufumua kwanza. Unaona kitobo kimoja kimekaa upande, unakifumua, kitambaa kinalegea, sasa kitobo ndo kinazidi kupanuka, unafumua na cha jirani yake vifanane, mara mwezi umekwisha. Faida ipo nsiseme uongo, mkono unajifunza, kofia yako ya mwanzo lazima uifumue sana. Lakini mi nna kofia kabatini toka Ramadhani ya mwaka juzi haijamalizwa, na mume wangu kashajinunulia ya mashine sokoni Darajani, Unguja (nlinuna siku mbili).

Kutawakali sio kulipua kazi eti Mungu atasitiri, hapana. Si tumeambiwa mfunge ngamia kwanza ndo utawakali, sasa ngamia wetu sisi ni kuchora mchoro vizuri na kukaza uzi kila kitobo. Ushafanya hayo, kilichopinda kiache kipite, kofia ina vitobo mamia bwana, nani atakaa msikitini avihesabu? Bismillahi, unaunga duara na ukanda wa pembeni, unafua, unatia wanga, basi.

Siku hizi nafumua siku ile ile tu, kitobo kikishalala usiku hakiguswi tena. Bibi yangu yeye hafumui kabisa, na kofia zake wajukuu wanazigombania.