Vidonge, pakiti na unga wa stevia: tathmini ya sukari mbadala katika kikombe na sufuria

Katika supamaketi nyingi za Dar es Salaam, pembeni ya mifuko ya sukari sasa hupangwa visanduku vidogo vya vidonge, pakiti za karatasi zenye unga mweupe, chupa za matone na mifuko ya stevia, vyote vikiuzwa kwa ahadi ya utamu usio na madhara ya sukari. Bei yake si ya mzaha, kwani kisanduku kimoja cha vidonge huweza kuzidi bei ya kilo nzima ya sukari, na anayekinunua mara nyingi ni mtu aliyetoka kliniki akiwa ameambiwa apunguze sukari, au mwanawe anayemnunulia. Kwa sababu hiyo nimeona ni vyema bidhaa hizi zipimwe mahali zinapotumika kweli, yaani katika kikombe na katika sufuria, kabla ya kuuliza kama ahadi ya afya iliyoandikwa juu ya kisanduku ina msingi.

Nianze na vidonge vya aspatemu, ambavyo ndivyo vinavyojulikana zaidi. Aspatemu ni tamu takriban mara 200 kuliko sukari, hivyo kidonge kimoja kidogo kinatosha kushika nafasi ya kijiko cha chai cha sukari, na katika chai ya rangi huyeyuka mara moja bila kuacha masalia. Utamu wake huchelewa kidogo kufika, kisha hukaa mdomoni muda mrefu kuliko ule wa sukari. Anayekunywa chai yake kwa haraka huenda asitambue, lakini anayeinywa taratibu atatambua. Tatizo kubwa liko kwenye chai ya maziwa. Kwetu chai hiyo haitiwi sukari mezani. Maji, maziwa, majani, tangawizi, iliki na sukari huchemka pamoja mpaka povu linapopanda, na aspatemu haivumilii moto wa muda mrefu, kwa kuwa joto huivunjavunja na kuupoteza utamu wake. Kwa hiyo vidonge havina kazi ndani ya sufuria. Inabidi chai ipikwe bila utamu wowote na kila mmoja ajitilie katika kikombe chake, jambo ambalo wapishi wengine wataliona usumbufu, ingawa kwa maoni yangu ndiyo faida kubwa zaidi niliyoiona katika bidhaa hii: chai isiyotiwa sukari jikoni humlazimisha kila mnywaji kujua anajitilia kiasi gani.

Pakiti za sukralosi zina tabia tofauti. Sukralosi hutengenezwa kutokana na sukari yenyewe, kwa kubadilisha sehemu tatu za molekuli yake na kuweka klorini, na matokeo yake ni kitu kitamu takriban mara 600 kuliko sukari ambacho sehemu kubwa yake hupita mwilini bila kutumika. Huvumilia kuchemka, hivyo inaweza kuingia katika sufuria ya chai ya maziwa au ya uji wa ulezi, na ladha yake ndiyo iliyo karibu zaidi na ya sukari kati ya zote nilizozionja. Hata hivyo msomaji aigeuze pakiti na asome maandishi madogo ya nyuma. Katika pakiti ya kawaida ya gramu 1, sukralosi yenyewe ni miligramu 12 hivi tu. Sehemu nyingine karibu yote ni dekstrosi na maltodekstrini, ambazo ni wanga unaosagika upesi, zilizotiwa ili unga uonekane na uweze kushikika. Sheria za Marekani huruhusu bidhaa yenye chini ya kilokalori 5 kwa kipimo kimoja kuandikwa kuwa haina kalori, na pakiti hizo huwa na 3 au 4. Kwa kikombe kimoja cha chai hilo si neno, kwa maana kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 na kilokalori 16. Lakini mgonjwa wa kisukari anayemimina pakiti kumi katika sufuria ya uji kwa imani kwamba ameongeza sifuri, ameongeza karibu gramu 9 za wanga, na mashine ya kupimia sukari itamwonyesha.

Stevia ndiyo inayopendwa na wauzaji kwa sababu mfuko wake huchorwa jani la kijani na kuandikwa kuwa ni ya asili. Mmea huo ulitokea Paraguay, ambako wenyeji wake Waguarani waliutumia kutia utamu vinywaji vyao tangu zamani, na hata hapa jirani, Kericho nchini Kenya, wakulima wamewahi kuulima kwa mkataba. Katika kahawa chungu uchungu wake wa mwisho hufichwa na uchungu wa kahawa. Katika maziwa hujitokeza wazi, na wengine huusikia kama ladha ya dawa. Jani la kijani kwenye mfuko, hata hivyo, lisimpumbaze mtu. Kinachouzwa ni dondoo lililosafishwa kiwandani, na dondoo hilo ndilo lililopitishwa na mamlaka za chakula. Marekani, kwa mfano, haijaidhinisha majani yenyewe kutumika kama kitia utamu. Aidha, mifuko mingi ya stevia imejaa erithritoli, kitia utamu kingine, ambayo huleta ubaridi fulani ulimini na, ikizidi, hujaza tumbo gesi. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani walichapisha matokeo yanayohusisha kiwango kikubwa cha erithritoli katika damu na hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Huo si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza kiasi fulani cha erithritoli, lakini unatosha kumfanya mtu mwenye ugonjwa wa moyo asiitumie kwa vijiko vikubwa.

Kwa upande wa mapishi, matokeo ni ya kukatisha tamaa zaidi kuliko vitabu vidogo vya maelekezo vinavyodai. Vitumbua vilivyotiwa sukralosi viliumuka, maana hamira ilipata chakula chake katika unga wa mchele, lakini viliumuka polepole, na kingo zake hazikuwa na ule wekundu na ukaukaji ambao sukari huuleta inapokutana na mafuta ya moto. Ndani vilikuwa laini na vitamu, vya kuliwa vikiwa moto. Vilipopoa vilikauka upesi, kwa sababu sukari ndiyo inayoshika unyevu. Maandazi ya tui na iliki yalifanya vizuri zaidi, pengine kwa kuwa hayahitaji sukari nyingi tangu mwanzo. Kashata na halua hazina mjadala: humo sukari si kiungo cha kutia ladha, ndiyo umbo lenyewe, na hakuna kidonge kitakachoshikanisha nazi au karanga.

Sasa suala la afya, ambalo ndilo linalomfanya mtu afungue pochi. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri watu wasitumie sukari mbadala kama njia ya kudhibiti uzito. Habari hiyo ilienea kwa vichwa vizito, na wasomaji wengi walibaki na picha kwamba vidonge vimetangazwa kuwa sumu, jambo ambalo mwongozo haukusema. Ulisema kwamba faida ya muda mrefu katika kupunguza mafuta ya mwili haikuonekana, na kwamba tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zilikuta watumiaji wakiugua zaidi kisukari cha aina ya 2 na maradhi ya moyo. Shirika lenyewe liliuita ushauri huo wa masharti, kwa kuwa tafiti za namna hiyo zina udhaifu unaoeleweka: mtu ambaye tayari ana uzito mkubwa au ameonywa na daktari ndiye anayekimbilia vidonge, kisha akiugua huhesabiwa kuwa vidonge vimemponza. Na kuna jambo ambalo halikutangazwa vya kutosha, kwamba mwongozo huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, yaani wateja wakuu wa rafu ile.

Majaribio yaliyogawa watu makundi kwa kura husema jingine, ingawa si kwa sauti kubwa. Nchini Uholanzi watoto 641 walipewa kwa miezi 18 kinywaji kimoja kila siku, wengine chenye sukari na wengine kisicho na sukari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliokunywa kisicho na sukari waliongezeka uzito pungufu kwa takriban kilo 1. Faida hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli, na inaeleza mahali ambapo bidhaa hizi zina maana: pale zinapoondoa sukari nyingi iliyokuwa inanywewa kila siku. Soda ya kola ya mililita 300 hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani limependekeza sukari iliyoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Mtu anayekunywa soda mbili kila siku akihamia soda isiyo na sukari ameondoa mzigo mkubwa mwilini, ingawa meno yake bado yataliwa na asidi iliyomo. Mtu anayetia kijiko kimoja katika chai ya asubuhi, kisha akanunua vidonge huku akiendelea na soda na juisi za boksi, amenunua utulivu wa moyo tu.

Kuhusu saratani, hofu ina historia ndefu. Sakarini, sukari mbadala iliyogunduliwa mwaka 1879, iliwekewa onyo la lazima nchini Marekani baada ya panya wa maabara kupata uvimbe wa kibofu katika miaka ya 1970, na onyo hilo likaondolewa mwaka 2000 baada ya kubainika kwamba njia iliyowadhuru panya haifanyi kazi hivyo kwa binadamu. Mwezi Julai 2023 ilikuwa zamu ya aspatemu: taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, iliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kundi lile lile lenye dondoo la jani zima la mshubiri, ambao wengi wetu tumewahi kuunywa kwa hiari. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa viambato vya vyakula haikubadilisha kiwango cha juu cha aspatemu kinachokubalika, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, ambacho mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 ya soda kwa siku ili akivuke. Kwa vidonge vitatu au vinne vya chai sioni sababu ya mtu kukosa usingizi. Linalonishughulisha zaidi ni utafiti wa Israel wa mwaka 2022 uliohusisha watu wazima 120 wenye afya, ambao katika muda wa wiki mbili tu ulionyesha sakarini na sukralosi zikivuruga namna ambavyo miili ya baadhi yao inashughulikia sukari, kwa njia ya bakteria wa utumbo. Si kwa wote, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mnunuzi hawezi kujua dukani yeye ni wa kundi lipi.

Pamoja na hayo, sukari mbadala ina heshima ambayo asali na sukari guru hazina, nayo ni kutojifanya kitu kingine. Asali na sukari guru ni sukari, na mwili huzihesabu hivyo, hata kama muuzaji ana maneno mazuri kiasi gani. Vivyo hivyo kwa bidhaa moja niliyoikuta katika duka la dawa, ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni sukari ya wagonjwa wa kisukari. Nyuma yake kiambato kilikuwa kimoja tu, fruktosi, yaani sukari ya matunda, yenye kalori sawa na sukari ya kawaida. Muuzaji hakuwa na habari.

Kwa hiyo ningemshauri mgonjwa wa kisukari ambaye chai bila utamu haimpiti kooni anunue vidonge vya aspatemu au pakiti za sukralosi, achague sukralosi ikiwa chai yake lazima ichemke na utamu, na ajitahidi kupunguza idadi mwezi hadi mwezi, kwani ulimi huzoea. Watu wa pwani wanaokunywa kahawa chungu kwa tende moja pembeni wanalijua hilo. Mtu mwenye afya asiye na soda nyingi maishani mwake haoni faida ya kutosha kulipia bei hiyo, na watoto wadogo sioni kwa nini wafundishwe kutarajia uji wenye utamu wa namna hiyo. Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria wasiiguse aspatemu kabisa, na onyo hilo huandikwa kwenye kisanduku.

Lipo onyo jingine ambalo sikuliona kwenye kisanduku chochote. Nyumba yenye mgonjwa anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari isiondoe sukari ya kawaida jikoni kwa sababu sukari mbadala imeingia. Sukari ya mgonjwa huyo ikishuka, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, kikombe kilichotiwa vidonge au soda isiyo na sukari havitampandisha hata kidogo. Anahitaji vijiko vitatu au vinne vya sukari halisi katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, mara moja, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.