Kompakta, kitambaa cha magugu na njia ya mama: uzoefu wangu wa kutengeneza uwanja wa mbele

Kijumba chetu kina vyumba viwili, na uwanja wake wa mbele una mita 7 kutoka mlangoni hadi getini na mita 6 kwa upana. Tulipohamia ulikuwa mfinyanzi mtupu. Ardhi iliteremka kidogo kuelekea getini, lakini mbele ya mlango palikuwa pamebonyea, na kila mvua kubwa ilipopiga maji yalikuja kusimama kizingitini. Mama yangu hutembea kwa mkongojo. Akija siku za mvua, mimi na mume wangu tulimshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, mpaka ndani. Hilo ndilo lililotufanya tuutengeneze uwanja kwa mikono yetu, na ndiyo maana nitaanza na njia ya miguu kabla ya kufika kwenye maua.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tuanze, na njia tuliyo nayo sasa imeshapita misimu miwili ya mvua. Nitazungumzia vitu vinne tulivyovilipia: matofali ya pevingi ya zege yenye unene wa sentimita 6, roli la kitambaa cha kuzuia magugu, matandazo ya magome ya miti, na kompakta, ile mashine yenye bamba la kushindilia, tuliyoikodi kwa siku moja. Siku hiyo moja ilileta tofauti kubwa kuliko vitu vyote vingine, nayo ndiyo tuliyoiruka mara ya kwanza tukidhani tunabana matumizi.

Mara ile ya kwanza tulichimba sentimita kumi hivi, tukamwaga mchanga, tukaushindilia kwa gogo na kupanga matofali juu yake. Muuzaji wa matofali alituhakikishia kwamba kwa njia ya miguu mchanga unatosha, na jioni ile palipendeza kweli. Msimu wa mvua ulipokwisha nilivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo nikapima: katikati pamezama sentimita 4. Mfinyanzi ukilowa hulainika, na mchanga uliokaa juu yake bila kitu cha kuutenga huzama ndani yake kidogo kidogo. Ncha ya mkongojo wa mama ilinasa kwenye tofali lililoinuka upande mmoja. Bahati nzuri alikuwa amemshika mkono mjukuu wake. Alipoketi aliniambia, "Mwanangu, afadhali ule udongo wenu. Udongo nilikuwa nauona." Wiki iliyofuata tuling'oa kila tofali.

Safari ya pili tulianza na maji. Kwanza nilijua kwa nini mbele ya mlango pamebonyea: udongo unaorudishwa kuzunguka msingi baada ya ujenzi huendelea kushuka kwa miaka kama haukushindiliwa, na nyumba nyingi hupata kibonde hapo hapo. Tulikijaza kwa udongo ule ule wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, tukiushindilia. Usikijaze mchanga, kwa sababu mchanga hupitisha maji na kuyapeleka ukutani. Tukaweka lengo la mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kwenda mbali na nyumba, yaani sentimita 14 kwa mita zetu 7. Pimamaji letu lina sentimita 60 tu, kwa hiyo tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji na kuuinua ncha zote mbili. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili hata kama mmoja yuko mlangoni na mwingine getini. Unaweka alama kwenye vigingi, kisha kigingi cha getini unashusha kamba sentimita 14 chini ya alama. Hapo ndipo unapouona uwanja wako ulivyo hasa, na macho yetu yalikuwa yametudanganya kwa zaidi ya kiganja cha mkono.

Mlangoni, uso wa njia uwe angalau sentimita 15 chini ya lile tabaka la ukutani linalozuia unyevu kupanda. Ukiupandisha zaidi ya hapo, matone yanayoruka kutoka kwenye matofali yatalowesha ukuta juu ya kinga yake. Na kabla ya kuinua sululu, hakikisha unajua mabomba na nyaya zinapita wapi.

Upana wa njia tuliuweka mita 1.2. Sentimita 90 humtosha mtu mmoja, lakini mama huhitaji mtu pembeni yake. Pembe ya njia na ukuta tuliinyoosha kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ukikuta ncha hizo mbili ziko mita 5 hasa, pembe yako ni mraba. Tulichimba sentimita 15 zaidi kila upande ili mawe ya ukingo yapate pa kukaa, na kina cha sentimita 19: kokoto 10, mchanga 3, tofali 6. Hesabu inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila ni mita 2 za ujazo za udongo, na udongo ukishachimbuliwa huvimba. Amua mapema utaupeleka wapi. Sisi tuliufanya tuta la maua upande wa kushoto, na toroli lilienda na kurudi siku mbili nzima. Kazi hii ndiyo nzito kupita zote, na anayekwambia ni ya asubuhi moja hajawahi kuchimba mfinyanzi mkavu.

Sasa kompakta. Tuliyoikodi ilikuwa ya petroli, yenye uzito wa kilo 90 hivi. Watu wawili wanaishusha kwenye gari, na ikishawaka inasonga mbele yenyewe, kazi yako ni kuiongoza na kuigeuza. Nunua kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, siyo zile safi za ukubwa mmoja, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba nafasi na kuzikaza. Tuliagiza zaidi ya kipimo kwa robo hivi, maana zikishindiliwa hupungua. Usimwage sentimita 10 zote kwa mpigo. Mwaga nusu, nyunyiza maji mpaka ziwe na unyevu bila kutiririka, pitisha mashine mara tatu au nne, kisha nusu ya pili. Utasikia ikikaza: mwanzoni bamba linazama na mlio ni mzito, baadaye linaanza kurukaruka na mlio unakuwa mkali. Mume wangu alikanyaga kisigino kwa nguvu zake zote na hakuacha alama. Kwa gogo tulifanya kazi siku mbili hatukukaribia hali hiyo.

Malalamiko ninayo. Waliotukodishia hawakutupa mkeka wa mpira wa kufunga chini ya bamba, wala hawakututajia kwamba upo. Mkeka huo ni wa lazima unapopita juu ya matofali yaliyokwisha kupangwa. Tuligundua baada ya matofali tisa kumeguka pembe, tukamalizia kwa kutandika zulia kuukuu. Uliza kabla ya kusaini. Vaa vizibo vya masikio na buti ngumu, na mpumzishane, kwani mtetemo unaingia mpaka mabegani na usiku mikono inawaka.

Mchanga wa kulalia matofali haushindiliwi kabla. Laza mabomba mawili ya chuma yenye unene wa sentimita 3 juu ya kokoto, mwaga mchanga katikati, vuta ubao ulionyooka juu yake, kisha toa mabomba na ujaze mifereji yake. Usiukanyage tena. Tulipanga tukianzia mlangoni, tukipiga magoti juu ya matofali yaliyokwisha kukaa. Mawe ya ukingo tuliyashikiza kwa zege pande zote mbili na kuliacha ligande ndipo tukapitisha kompakta, la sivyo mtetemo ungesukuma matofali nje. Mwisho tulifagia mchanga mwembamba mkavu kwenye viungio, tukapitisha mashine, tukafagia tena. Mchanga ule wa viungio ndio unaofanya matofali yasaidiane kubeba mguu. Ukiwa na unyevu hauingii, kwa hiyo subiri siku ya jua.

Kuhusu matofali yenyewe sina la kulalamika. Sentimita 6 zinatosha kwa watu na toroli, rangi imefifia kidogo mwaka wa kwanza kisha ikatulia, na ubora wake mkubwa niliuona siku tulipoyang'oa: karibu yote yalirudi kazini. Zege la kumwaga lingepasuka na kuishia kifusi.

Kitambaa cha kuzuia magugu kina sura mbili, na hapa ningependa mtu anisikilize. Chini ya kokoto za njia, juu ya mfinyanzi, kimefanya kazi nzuri sana. Kinapitisha maji na kuzuia kokoto zisizame kwenye matope, jambo lililotuangusha mara ya kwanza. Lakini tangazo lilikisifu kwa bustani, na tulikitandika pia kwenye matuta yote ya maua, tukatoboa matundu ya mimea na kufunika kwa matandazo. Mwaka wa kwanza hakukuota kitu. Mwaka wa pili matandazo ya juu yakaoza na kuwa udongo, mbegu zinazopeperushwa na upepo zikaota humo humo, na mizizi yake ikajifuma kwenye nyuzi za kitambaa. Kuling'oa gugu moja ukawa unainua kitambaa chote. Nilipokifunua, udongo wa chini ulikuwa mgumu, hauna nyungunyungu hata mmoja, na mizizi ya maua ilikuwa imetambaa juu juu ikitafuta hewa. Nilihuzunika, kwa sababu mimea ile ilikuwa ikinionyesha kwa majani ya njano miezi mingi na mimi nikidhani inataka maji.

Tulikata kitambaa chote cha matutani na kukitoa. Mahali pake tulitandika maboksi ya karatasi ngumu yasiyo na picha za kung'aa, tukabandua utepe wa gundi, tukayapandanisha sentimita 15 ili mwanga usipenye, tukayalowesha na kuweka matandazo ya sentimita 7 juu. Magugu ya chini yalikufa kwa kukosa mwanga, na boksi lenyewe likaozea ardhini. Bado mengine huota juu, lakini yanang'oka kwa vidole viwili. Nyungunyungu wamerudi.

Matandazo ya magome ninayapa alama nzuri yenye sharti. Yanatunza unyevu, yanapoza udongo, na mita moja ya ujazo hufunika mita 14 za mraba hivi kwa kina hicho. Yasiguse shina, acha pengo la vidole vinne au vitano, maana gome la mti hai likifunikwa muda wote huoza. Shida yake ni kwamba vipande vyepesi huelea. Mvua kubwa ya kwanza iliyamwaga yote juu ya njia, na magome yaliyolowa huteleza. Nilishusha uso wa matuta sentimita 5 chini ya ukingo wa njia, na tangu hapo hayatoki. Laiti ningelifanya wakati tunachimba, ingekuwa kazi ya saa moja.

Mimea sikununua mingi. Kabla ya kupanda nilitia udongo kwenye chupa ya kioo nusu, nikajaza maji, nikatikisa na kuiacha mezani: mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Yangu ilikaa na maji ya kahawia mpaka kesho yake, kwa hiyo nilichanganya mboji nyingi. Mchanga haufai kwa kazi hiyo, kwani mfinyanzi ukitiwa mchanga kidogo hukauka kama tofali. Mashimo niliyachimba mapana mara mbili ya mizizi bila kuzidi kina chake. Kichaka kimoja kilichokuwa kidogo dukani nilikipanda sentimita 50 kutoka ukutani, na lebo ilisema wazi kwamba kitafikia upana wa mita 2. Sasa kinasukuma dirisha na nitakihamisha. Maua nilianza kwa kununua moja la kila aina, na uwanja ukaonekana kama meza ya mnadani. Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani wa Uingereza aliyesomea uchoraji kabla ya kugeukia mimea, alikuwa akipanda aina moja kwa mkondo mrefu mwembamba unaoingiliana na mwingine, kama mtu anavyopaka rangi. Nilijaribu kwa aina tatu tu kando ya njia, kila moja mimea tisa. Mama husimama hapo kila akija, na safari hii anasimama kwa kupenda.

Mvua za msimu uliopita zilipokoma nilivuta kamba ile ile. Njia nzima iko sawa isipokuwa pembe moja karibu na geti, pamezama milimita 5. Pale kompakta haikufika vizuri kwa sababu ya nguzo, tukamalizia kwa mkono. Jumamosi nitainua matofali manne, niongeze kokoto na mchanga, niyarudishe kabla mama hajaja.