Hilux ya kabureta kugeuzwa injekta: gereji niliyoitumia Ndeeba

Pikapu yangu ni Hilux ya injini ya 22R, ile ya kabureta, na kazi yake ni kuteremsha vitunguu na kabichi kutoka Kapchorwa hadi Mbale. Anayeijua barabara ile anaijua na shida yenyewe. Mbale iko mita elfu moja na kitu. Ukivuka Sipi umeshapita 1,700. Hewa huko ni nyepesi, lakini kabureta inamwaga petroli kama bado uko bondeni. Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na gari halivuti hata likiwa tupu.

Gereji moja ya Ndeeba, Kampala, ndiyo iliyonigeuzia kuwa 22R-E, yaani 22R ya injekta. Walitumia vipuri vya mtumba kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala: manifoldi, injekta nne, kipima hewa, kompyuta na waya zake, pamoja na distribyuta, inayogawa cheche kwenye plagi. Hapo kwenye distribyuta nawasifu sana. Kwenye 22R-E za kuanzia 1985, kompyuta ndiyo inayopanga muda wa cheche, kwa hiyo fundi anayetaka kubakiza distribyuta ya zamani hajui anachofanya. Nililipa shilingi 3,800,000, vipuri na ufundi.

Kazi ya waya ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Kijana aliyeifanya alilehemu kila kiungo, hakusokota na kuzungushia tepu. Kisha akaniita nione. Akaunganisha matundu ya T na E1 kwenye kisanduku cha kupimia kwa kipande cha waya, akafungua swichi, taa ya injini ikaanza kupepesa: mara mbili, kimya, mara mbili tena. Hiyo ni namba 22, hitilafu ya sensa ya joto la maji. Kweli, plagi ya waya wake ilikuwa haijakaa vizuri. Alipoichomeka akawasha injini, ikiwa inanguruma akafungua kifuniko cha oili, nayo ikayumba nusura izime. "Umeona, mzee? Isingeyumba, ningejua kuna mahali pengine inaiba hewa." Injini hii inapewa petroli kulingana na hewa iliyopimwa, hewa ya wizi inaiharibia hesabu.

Lawama yangu iko kwenye tangi. Pampu ya zamani iliyokaa kwenye kichwa cha injini waliitoa, wakafunga ya umeme chini ya chesisi, ambayo presha yake inakaribia mara kumi ya ile. Sawa. Lakini tangi wakaliacha lilivyokuwa. Likibaki robo, kwenye kona za Sipi petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa na injini inakata katikati ya mlima, na mzigo nyuma. Kabureta ina kibakuli chake cha petroli kinachokuvusha sekunde hizo. Injekta hazina akiba. Walinifungia tangi dogo la akiba baadaye, kwa malipo mengine. Niliwaambia tangu mwanzo gari linafanya kazi wapi, na naona ilistahili kuwemo kwenye bei ya kwanza.

Angalia pia kwamba umeme wa pampu unapitia swichi iliyo ndani ya kipima hewa. Injini ikizimika, hata kwa ajali, pampu inakata yenyewe. Mimi walinifungia hivyo, lakini kuna mafundi wanaounganisha moja kwa moja ili kupunguza kazi, na hiyo ni hatari ya moto.

Sasa asubuhi ya baridi ya Kapchorwa inawaka bila choki, plagi zina rangi ya kahawia, na lita iliyokuwa ikinipa kilomita 7 inanipa 9. Mlima inaupanda na mzigo wake kamili.

Kama gari lako linazunguka Kampala na Jinja tu, fanyia kabureta sevisi, pesa hii itakaa sana kabla ya kurudi. Wa milimani, nendeni, ila tangi dogo liandikwe kwenye mapatano kabla ya kutoa malipo ya kwanza, na kabureta na manifoldi ya zamani mrudi navyo. Ni mali yenu, na Kisekka vina wanunuzi.